Mjumbe wetu kaenda kuchagua mgombea urais, karudi anasema kura ni siri!

Wakuu, nina hasira toka Alhamisi na sitaki kuzificha.

Mimi ni mwanachama wa siku nyingi, tawi letu liko Ngamiani hapa Tanga mjini. Chama sikitaji, maana najua na wa vyama vingine yanawakuta haya haya. Ada nalipa, vikao nahudhuria, mabango nimebandika kwa mikono yangu.

Mjumbe wetu wa mkutano mkuu karudi. Kaingia tawini na fulana mpya, kofia mpya, mkoba wa mkutano begani, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Tukampigia makofi, kahawa na kashata zikapita. Akatusimulia basi, akatusimulia hoteli, pilau, wakubwa aliopeana nao mikono. Dakika arobaini nzima! Nikanyoosha mkono: mwanangu, yale majina yaliyoletwa mbele yenu, kura yetu ulimpa nani, na kwa nini?

Akacheka. "Mama, kura ni siri."

Huyu nimemjua toka anakwenda chuoni na juzuu kwapani. Nikamwambia, mwanangu, kura yangu mimi mwananchi ndiyo siri. Ile uliyokwenda nayo wewe si yako, umetumwa. Katibu akanikata kauli, eti tuendelee na ajenda.

Sasa nikawa naumia zaidi nilipokumbuka tulimchagua lini. Zaidi ya miaka miwili nyuma, kwenye uchaguzi wa ndani, hapajatokea hata mtu mmoja wa kusema anautaka urais. Mnajua tulimhoji nini siku ile? Mabati ya ofisi ya tawi. Paa linavuja upande wa meza ya katibu, daftari la wanachama limelowa mpaka wino wa majina ya mwanzo umetawanyika. Akaahidi mabati, tukampa kura. Kura za mabati ndizo zilizokwenda kuchagua mtu wa kutawala nchi.

Na si kwetu tu. CCM walifanya uchaguzi wao wa ndani 2022. Januari 19, 2025 mkutano mkuu wao maalumu ukapitisha Dodoma azimio la mgombea urais, hata muda wa kuchukua fomu haujafika. Mwanachama wa Pangani au Muheza aliyekuwa na lake la kusema juu ya mgombea alisemee wapi, na lini? Mwaka 2015 waliojitokeza kuomba walizidi 30, Kamati Kuu ikabakisha watano, Halmashauri Kuu ikabakisha watatu, mkutano mkuu ukapigia kura hao watatu. Jina la Lowassa, waziri mkuu wa zamani, lilikatwa hukohuko juu, wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani naye, na halikurudi. Umtake au usimtake Lowassa, hilo ni jambo jingine. Ninachouliza, ikiwa hata wajumbe wa juu kiasi kile walibaki kuimba, sisi wa tawini tuna nini?

Msiniambie kura ya mjumbe mmoja ni ndogo. Mwaka 1995 mkutano mkuu wa CCM ulipochagua mgombea urais, duru ya pili Mkapa alipata 686, Kikwete 639. Pigeni hesabu: wajumbe 24 tu wangehamia upande wa pili, aliyekuwa wa kwanza angekuwa wa pili. Watu 24! Wanaenea kwenye Kosta moja.

Marekani nako wanagombana juu ya wajumbe, tena sana. Mwaka 2008 chama cha Democratic kiliyanyang'anya majimbo ya Florida na Michigan wajumbe wao kwa kuwahisha kura za mchujo kabla ya tarehe iliyoruhusiwa, zikawa vita mpaka Mei 31 walipokubaliana kila mjumbe ahesabiwe nusu. Wana pia wajumbe wakubwa wasiofungwa na kura za mtu yeyote, watu wakalalamika miaka, mpaka 2018 wakakubaliana hao wasipige kura duru ya kwanza endapo kura zao zinaweza kugeuza matokeo. Sisemi kwao ni peponi. Lakini mjumbe wao wa kawaida anapatikana mwaka uleule wa uchaguzi, na watu wanajua kaenda kwa ajili ya nani.

Najua kuna atakayesema: kura ikijulikana, mjumbe atatishwa au atanunuliwa. Kununuliwa ananunuliwa sasa hivi, gizani, na sisi hatuna cha kumuuliza! Simtaki aonyeshe karatasi yake. Nataka majina yakishajulikana arudi tawini, tupige kura zetu, zihesabiwe mbele yetu, aondoke na idadi imeandikwa kwenye muhtasari. Akirudi aseme aliifuata au hakuifuata.

Na wewe usiye na kadi usipite kama hayakuhusu. Katiba ya nchi, ibara ya 39, inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani miaka akidai mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa haki Juni 2013, na mpaka leo ibara ipo vilevile. Kwa hiyo karatasi ya kura unayopewa siku ya uchaguzi huwa imeshaandikwa na wajumbe, na wewe hukuwepo.

Jana nimekwenda tena tawini na barua ya mkono, nikaomba suala la mjumbe kuulizwa na kujibu liwe ajenda ya kikao kijacho. Katibu kaipokea, kaisoma kwa kusimama, kaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Mengineyo." Tunaofika mwisho wa kikao kwenye mengineyo huwa watu sita. Wa Ngamiani mnaosoma hapa, safari hii msiondoke mapema.