Ndege nyepesi ya injini mbili kwa viwanja vifupi: pistoni au tabaini?

BawaPana:
Wakuu, nafanya zoezi la usanifu: ndege ya injini mbili, abiria 9, viwanja vya nyasi na changarawe, safari za dakika 15 hadi 40. Nimebaki na njia mbili. Ya Britten-Norman Islander ya Uingereza: pistoni, magurudumu yasiyokunjwa. Au ya GAF Nomad ya Australia: tabaini, yaani injini ya aina ya jeti inayozungusha panga, na magurudumu ya kukunja. Mngeshika ipi?

FundiRiveti:
Islander, bila kupepesa macho. Bawa lake ni mstatili, upana uleule, kwa hiyo mbavu nyingi zinatoka kwenye kalibu moja. Ndani hakuna ujia, abiria wanaingilia milango ya pembeni, mwili ukabaki mwembamba. Magurudumu makuu yako mawilimawili kwenye kila mguu, nyuma ya injini. Ukitaka kuyakunja unaongeza mabomba ya haidroliki, milango na swichi. Tope likikaukia kwenye swichi, taa ya kijani haiwaki, na rubani anabaki kuzunguka juu ya uwanja hajui kama mguu umefunga. Yote hayo uokoe dakika mbili tatu kwenye safari ya dakika 20?

KaptMawingu:
Fundi umesifia bawa, injini umezipita kimya. Islander ya kwanza iliruka 13 Juni 1965 na injini za Continental za nguvu farasi 210. Hazikutosha, zikawekwa Lycoming O-540 za 260 na bawa likarefushwa. Na bado, injini moja ikizima unapoteza nusu ya nguvu lakini karibu uwezo wote wa kupanda, kwa sababu kupanda kunatokana na nguvu inayobaki baada ya kushinda ukinzani wa hewa. Hapo ndege inavutwa upande mmoja, na mguu wako umekandamiza usukani wa mkia. Siku ya joto, uwanja wa mwinuko, viti vimejaa: shukuru ukishikilia kimo.

TabainiTu:
Ndiyo maana nasema tabaini. Ni nyepesi kwa nguvu ileile, na inatumia mafuta ya jeti. Petroli ya ndege inazidi kuadimika. Britten-Norman wenyewe walitoa Islander ya tabaini, BN-2T, iliyoruka 1980 na injini za Allison 250, ukoo uleule wa injini za Nomad.

FundiRiveti:
Mkuu, na mizunguko je? Vipande vya tabaini vinavyokaa kwenye moto havihesabiwi saa tu, kila kuwasha na kuzima kunahesabiwa. Kwa safari za dakika 15 utavimaliza vingali na saa chache. Pistoni nayo ina kisirani chake, ukishuka kwa kasi gesi imefungwa silinda zinapoa ghafla, ila hilo ni mkono wa rubani.

BawaPana:
Nomad ilikwama wapi basi?

KaptMawingu:
Iliruka 1971, zikajengwa 172 tu. Islander zimepita 1,200. Ila usiyasingizie magurudumu. Mkia ndio uliowasumbua: mwaka 1976 ndege ya majaribio ilianguka baada ya mkia kutetema hewani, wakafa rubani na mmoja wa wabunifu.

Halafu BawaPana, umefunga maswali mawili kwenye kamba moja. Twin Otter ya Kanada iliruka wiki chache kabla ya Islander: tabaini, na magurudumu hayakunjwi. Tecnam P2012 ya Italia, iliyoruka 2016, ina pistoni za farasi 375 zenye turbo, abiria 9, na magurudumu yako nje vilevile.

BawaPana:
Sawa, magurudumu hayakunjwi, hilo nimelifunga. Injini nachora kasha linaloweza kubeba aina zote mbili, nitaamua nikijua ni mafuta gani yanafika viwanjani.

TabainiTu:
Kasha moja halitakubali. Tabaini ikiwa nyepesi itabidi uisogeze mbele zaidi ya bawa ili uzani usikimbilie nyuma. Chora mawili, na uanze na hesabu ya uzani kabla ya mchoro.