Nachora tembo wa oda mchana kutwa. Picha zangu mwenyewe nizichore saa ngapi?

Dada wa Pantoni
Habari za jioni wachoraji wenzangu. Nafanya kazi kwenye banda la picha za mtindo wa Tingatinga huku Oysterbay, Dar, ila naishi Kigamboni, kwa hiyo kila asubuhi navuka na pantoni.

Kazi ya banda mnaijua. Unawamba kitambaa kwenye fremu, unapiga rangi ya chini, labda njano inayozamia kwenye chungwa, unaacha ikauke. Kisha anakuja mnyama: mwili, madoa, na mwisho kingo nyeusi. Msimu huu wa masika rangi ya mafuta inachelewa kukauka, basi naanza fremu kadhaa kwa pamoja na kuzizungukia. Oda siidharau. Tembo na twiga ndio wananilipia kodi ya chumba, na ndio walioukomaza mkono wangu. Mkonga mzima sasa naupiga kwa mstari mmoja bila kutetemeka.

Lakini kinachonijaa kichwani ni soko la samaki la Feri. Nikishuka upande wa Magogoni, kabla sijakimbilia daladala, napita pale. Mnada umepamba moto, na wamama wenye ndoo wanatazamana wao kwa wao kuliko wanavyomtazama mnadishaji, maana wakipandishiana bei wote wanaumia. Waparaji wana magamba mpaka kwenye nyusi. Changu akiwa bado analowa ana uwaridi ambao sijawahi kuukuta kwenye kopo lolote. Kibua mgongoni ni kijani, ukimgeuza kidogo ni buluu, na akikaa juani muda mfupi tu ile rangi inakufa. Nachora kwa peni kwenye daftari, nimesimama, watu wananisukuma.

Nikifika bandani, tembo. Jioni macho yamechoka, na taa ya chumbani kwangu ni ya manjano, rangi zote zinanidanganya.

Picha moja ya mnada niliimaliza. Mtu anayetuchukulia kazi akaitazama, akasema watalii hawataki wamama na ndoo, niongeze pundamilia. Sikuongeza. Ipo ukutani kwangu na naipenda sana.

Sasa naomba mnisaidie. Ninyi mnaoishi kwa brashi, picha zenu za moyoni mnazipa nafasi gani? Na nikitaka kuchora Feri, lazima niache mtindo wa Tingatinga? Mimi sitaki kuuacha.

Mzee wa Silingibodi
Binti yangu, hilo la pundamilia umefanya vyema kukataa.

Mtindo usiuache, ila urudie ulikotoka. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar kufanya kazi za nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipoanza kuchora alichukua silingibodi, zile bodi za dari, na rangi ya baiskeli, vitu alivyoweza kuvipata. Akauza pale Morogoro Stores, karibu na hapo mnapokaa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki. Alichora kwa miaka michache tu. Zitazame kazi zake vizuri: mara nyingi ni mnyama mmoja, nyuma yake nafasi tupu. Ile nafasi ndiyo inayokufanya umtazame. Kujaza fremu mpaka kona kulishamiri baadaye, kwa wafuasi. Mama mmoja na ndoo yake anaweza kusimama hivyo hivyo mbele ya rangi ya alfajiri.

Halafu kuna George Lilanga. Alipokuja Dar alianza kama mlinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Alikuwa Mmakonde, mchongaji, na wale mashetani wa kwenye mpingo akawahamishia kwenye bodi kwa rangi kali. Rangi ni hii hii unayoitumia wewe, lakini ulimwengu ulikuwa wake.

Na huyo anayesema wageni hawataki maisha ya watu wa kawaida, mwambie habari za Sam Ntiro wa Kilimanjaro. Mwaka 1956 alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Haina pundamilia.

Binti Likoni
Dadangu, mie niko Mombasa na kila siku navuka feri ya Likoni, kwa hivyo nimekuelewa hasa.

La saa nina jawabu. Umesema una fremu kadhaa zinazokauka kwa zamu. Basi moja katika hizo iwe yako. Tembo akiwa hashikiki, unamgeukia mama wa mnada papo hapo, kwa mwangaza wa mchana na mkono ushapata moto. Usiingoje jioni, na ile taa ya manjano iachie kazi ya daftari tu.

Rangi ya samaki iandike kwa maneno pembeni ya mchoro, palepale sokoni: "uwaridi, mwekundu kidogo karibu na jicho". Simu hutoa rangi yake yenyewe, usiitegemee.

Tena tafuta kazi za Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984. Huchora juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti kutoka Uganda, na matundu na mishono ya lile gome haifichi, huingia ndani ya picha. Nimemtaja kwa sababu na wewe unapita kwenye magamba, magunia na maboksi kila asubuhi.

Kaka Fremu
Kwa upande wa kuuza: chora Feri kwenye fremu ndogo, kadhaa, zipange pamoja. Picha moja kati ya twiga inaonekana imepotea njia. Zikiwa kundi, mteja anaona kuna mtu mwenye jambo lake. Halafu nenda Nafasi Art Space, Mikocheni. Pana studio za wasanii na maonyesho. Beba na daftari, wengine watalipenda kuliko picha zenyewe.

Dada wa Pantoni
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Hilo la zamu za kukausha naanza nalo kesho, sijui kwa nini halikunijia. Mzee, swali moja: nafikiria kupiga akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji, chini ili ikauke upesi, halafu juu niendelee na rangi yetu ya mafuta. Itashika?

Mzee wa Silingibodi
Marahaba binti. Itashika, ila akriliki ikauke kabisa kwanza, na isiwe na mng'ao. Usifanye kinyume chake: akriliki juu ya mafuta itakuja kubanduka. Na picha ya ukutani usimuuzie mtu bado. Ipige picha mchana, nje kivulini, uiweke hapa tuione.