MJADALA: Anayejinadi kwa sura ya maskini, amuoneshe maskini bei nzima

Mwanzisha mada
Habari zenu wadau. Nauliza hivi: kampuni inayojitangaza kwamba ipo kumkomboa maskini, inayotafuta mtaji kwa picha za maskini, ilazimishwe au isilazimishwe kumwandikia maskini huyo bei yote, kwa Kiswahili, kabla hajaweka sahihi? Mimi nasema ilazimishwe. Mnikosoe.

Nilikuwa wakala wa sola za mkopo wilayani Kahama kwa miaka miwili. Kampuni siitaji, maana sina ugomvi na mmoja. Mteja alilipa kianzio cha shilingi 30,000, akafungiwa paneli juu ya bati, taa tatu, redio na waya wa kuchajia simu, kisha akawa analipa 600 kwa siku kwa njia ya simu. Akilipa anatumiwa namba, anazibonyeza kwenye kiboksi kilicho ukutani, taa zinawaka. Siku alizonunua zikikaribia kwisha kitaa chekundu kinaanza kuwakawaka, zikiisha nyumba inarudi gizani. Kwenye mafunzo tulipewa maneno ya kuanzia: "Mama, mafuta ya taa unanunua ya shilingi ngapi kwa siku?" Akitaja, unamwambia, "Basi ni hela hiyohiyo." Kwamba siku zenyewe ni 730, hilo halikuwemo kwenye maneno tuliyopewa.

Mteja wangu wa tatu alikuwa shangazi yangu. Alilipa mpaka akamaliza. Siku ya kumaliza tukakaa mkekani, tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mjukuu wake: 600 mara 730 ni 438,000, ongeza kianzio, 468,000. Mtambo unaofanana na ule, Kahama mjini ulikuwa unauzwa 270,000 taslimu. Shangazi hakukasirika. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, mbona hukuniambia?" Mkataba nilikuwa nao mkobani siku zote, kurasa nne za Kiingereza.

Kuna na la picha. Walikuja wageni wa kampuni na mpiga picha. Shangazi alishaachana na kibatari miezi mingi, lakini wakamwomba akitafute, akiwashe, akae nacho karibu na dirisha, mjukuu afungue daftari. Kibatari kilikuwa kikavu. Nikatumwa mimi dukani kununua mafuta ya taa ya shilingi 500. Baadaye picha ile niliikuta kwenye kitabu cha kampuni cha kuombea mtaji, hesabu zote zimepangwa chini yake: wateja, marejesho, makadirio ya miaka mitano. Mwekezaji kaoneshwa yote. Mwenye sura yake kaoneshwa 600.

Sisemi biashara hizi zifungwe. M-PESA ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilifungua njia, na M-KOPA ilipoingia sokoni mwaka 2012 na sola ya kulipia shilingi 40 hivi za Kenya kwa siku, watu ambao benki isingewapa hata fomu walipata mwanga. Tangu hapo mtindo umeenea kwenye simu janja, pikipiki, hata gesi ya mita ambayo KopaGas iliianzisha hapa Dar es Salaam. Siku hizi karibu kila anayemuuzia mtu wa chini anatanguliza bei ya siku, na bei ya jumla inafichwa mahali. Ndiyo maana nasema tuamue mapema, kabla hatujaizoea.

Fundi wa sola
Ndugu mwanzisha mada, uliyoyaeleza nimeyaona na mimi, ila umeruka mambo. Nimefunga sola vijijini miaka tisa. Hiyo tofauti ya 198,000 unadhani inaliwa na nani? Kuna mteja anayelipa miezi mitatu akahama kwenda machimboni na kiboksi chake. Kuna betri inayokufa ndani ya dhamana, natoka na pikipiki kilomita 60 kuibadilisha bure. Na kuna kubwa ambalo wengi hawalijui: mtaji wa kampuni hizi mara nyingi umekopwa kwa dola, mteja analipa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, kampuni inaumia. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa kubwa sana hapa Tanzania na Rwanda. Mwaka 2019 iliishiwa, ikawa chini ya ufilisi mpaka ENGIE ya Ufaransa ikainunua. Kama faida ingekuwa nono hivyo ingefilisika?

Halafu linganisha na mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji wa kausha damu, ukikosa rejesho wiki hii anakuja kubeba godoro na sufuria mbele ya majirani. Sola ukikosa hela inazima, basi. Huongezewi riba, siku zako zinasogea mbele, ukivuna mpunga unaendelea ulipoishia. Mkulima anaishi kwa misimu, huo ndio mkopo unaomfaa. Ukianza kuweka sheria juu ya sheria, mabepari wakubwa watazimudu. Kijana wa hapa anayetaka kuanzisha yake ndiye atakayeshindwa.

Mama wa duka
Mimi ni mteja, nimalize kwa ufupi. Nilichukua, nililipa, nimemaliza, na duka langu linafungwa saa nne usiku badala ya saa moja. Hata ningeambiwa jumla ningechukua, kwa sababu 270,000 ya mkupuo sikuwa nayo na nisingeipata. Lakini ningepanga. Ningelipa ya wiki mbilimbili wakati wa pamba, nisingekaa gizani mwezi wa pili nikidhani ni kosa la kiboksi. Kwa hiyo kumwambia mtu bei kunamuharibia nani biashara?

Afisa masoko
Nafanya kazi ya matangazo, na nimewahi kuandaa picha za aina hiyo. Naomba niwaeleze zinatoka wapi.

Kampuni ya namna hii ina wateja wawili. Mmoja ananunua taa. Mwingine, aliye mbali, ananunua simulizi: mfadhili, mwekezaji, wakati mwingine mnunuzi wa kawaida wa Ulaya au Marekani. Aliyelifanya jambo hili likajulikana dunia nzima ni TOMS, kampuni ya viatu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2006: nunua jozi moja, mtoto maskini anapewa jozi moja. Matangazo hayakuhitajika sana, mnunuzi mwenyewe alilitangaza jambo kwa miguu yake. Wengi wakaiga, kwenye miwani, sabuni, taulo za kike. Lakini watafiti walipokwenda El Salvador kupima, walikuta viatu havikubadilisha sana maisha ya watoto, na waliopewa walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba familia zao zinapaswa kupewa mahitaji na watu wengine. TOMS baadaye iliachana na utaratibu huo, ikasema itatoa theluthi ya faida yake kwa jamii.

Somo nililolipata kazini ni kwamba simulizi humfuata mwenye hela. Mtu wa Kahama hachangii mtaji, basi simulizi haitungwi ili aielewe yeye. Nakubaliana na mwanzisha mada kuhusu bei, ila nadhani sheria ya bei peke yake haitoshi. Uingereza tangu mwaka 2005 wana aina ya kampuni inayosajiliwa kwa maslahi ya jamii: mali zake zimefungwa zisigawanwe ovyo na wenye hisa, na kila mwaka inatoa taarifa ya ilichoifanyia jamii. Hapa kwetu yeyote anaweza kujipachika jina la biashara ya kijamii asubuhi, na jioni akawa kausha damu.

Fundi wa sola
Ukifunga gawio nani ataleta mtaji? Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen ya Bangladesh, alisema kwenye biashara ya kijamii mwekezaji arudishiwe alichoweka tu, bila faida. Ni maneno ya heshima kubwa. Lakini angalia mtindi wa Grameen Danone, kampuni ya ubia kati ya Grameen yake na Danone ya Ufaransa kule Bangladesh, ulioanza kwa taka 5 (taka ni fedha ya huko) kikombe ili watoto wa vijijini wapate madini na vitamini. Mwaka 2008 maziwa yalipopanda wakapandisha hadi taka 8, wateja wa vijijini wakakimbia. Ikabidi kikombe kipunguzwe na bei ishushwe. Maskini ni mkali wa bei kuliko mtu yeyote, kampuni haimdanganyi kirahisi kama mnavyodhani.

Mwanzisha mada
Mkuu fundi, mfano wako unanipa nguvu mimi. Wale wa Bangladesh waliiona bei nzima kwenye kikombe: taka 8. Wakaamua kuacha. Shangazi yangu hakuwa na kikombe cha kuangalia. Ukali wa bei unafanya kazi pale bei inapoonekana.

Kwenye kausha damu umesema kweli, na nakubali kuzima taa ni uungwana kuliko kubeba godoro. Nilikosea kutolisema. Ila uungwana huo nao uandikwe. Shangazi aliogopa miaka yote miwili kwamba akichelewa watakuja kung'oa paneli, akauza mbuzi wa mjukuu ili asizimiwe. Mkataba ulimruhusu kusubiri. Hakuna aliyemwambia, nami nikiwemo, kwa sababu kamisheni yangu ilitegemea marejesho ya wateja wangu.

Mwana ushirika, Moshi
Nawasoma tangu jana. Mnazungumza kama jambo hili limeletwa na ndege. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Kahawa ilikusanywa pamoja, ikauzwa pamoja, mkulima akapata malipo ya kwanza na baadaye ya pili kulingana na soko. Babu yangu alikuwa mwanachama. Hakusoma sana, lakini bei ya mnada aliijua, kwa sababu ilisomwa mkutanoni na alikuwa na haki ya kunyoosha mkono.

Sitaki kupamba. Vyama vikuu vilifutwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 80, na tangu hapo tumeona madeni na ubadhirifu wa kuumiza. Hata hivyo ninyi mnabishana kampuni iseme nini kwa mteja. Mimi nauliza kwa nini mteja aliyelipa siku 730 bila kukosa asiwe na kiti hata kimoja kwenye kikao kinachopanga hiyo 600.

Mama wa duka
Kiti nakitaka. Ila kwa kuanzia nipeni karatasi moja. Kianzio, bei ya siku, siku ngapi, jumla, bei ya taslimu, na kitu gani kinatokea nikikosa. Kwa maandishi makubwa, mama yangu aweze kusoma bila miwani.

Fundi wa sola
Hiyo karatasi naiunga mkono. Iwe ya lazima kwa wote, pamoja na wauza simu na pikipiki, ili mkweli asionekane ghali peke yake. Kwenye gawio na viti bado sijashawishika.

Afisa masoko
Swali kwa mwanzisha mada: ile picha shangazi alipewa nakala?

Mwanzisha mada
Kampuni haikumpa, wala hakuna aliyemuuliza kama inaweza kutumika. Niliisafisha mwenyewe studio nikampelekea. Aliishika muda mrefu, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akaniuliza, "Na taa zangu ziko wapi hapa?" Nikamweleza kwamba siku ile waliomba zizimwe. Amempa mjukuu aiweke ndani ya daftari. Ukutani hakutaka itundikwe.