Kodi ya ardhi aliyoiacha marehemu: walipe warithi wote au anayekaa ndani?

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Hoja ninayoileta imegombanisha jamaa wengi hapa Malindi. Mzazi hufariki akaacha nyumba moja pamoja na malimbikizo ya kodi ya ardhi, ile ambayo wengi wetu huiita reti, na watoto hukaa kimya miaka na miaka hadi siku wanapotaka kubadilisha jina kwenye hati. Hapo ndipo wanapotakiwa kuleta cheti kwamba kiwanja hakidaiwi.

Vikao vingi vya familia huamua kwamba watoto wachange sawa kwa sawa. Mimi napinga. Deni hili si la watoto, ni la mali aliyoiacha marehemu. Aya ya 11 ya Suratun-Nisaa imeyapanga mafungu ya warithi baada ya wasia na deni, na Sheria ya Mirathi ya Kenya, ingawa kwa Waislamu huacha mgao ufuate sheria ya Kiislamu, humtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kutoka katika mali ya marehemu. Tofauti hii si ya maneno matupu. Tuseme warithi ni wana wawili na mabinti watatu, na deni ni shilingi 350,000. Wakichanga kwa vichwa, kila mmoja atatoa 70,000. Deni likiondolewa katika mali kabla ya kugawa, uzito wake utamwangukia kila mwana kwa 100,000 na kila binti kwa 50,000. Vipi binti apokee nusu ya fungu la kaka yake, kisha alipe sawa naye?

Jibu kutoka Mkomani, Lamu:
Sheikh, hesabu yako haina kasoro, lakini fedha zenyewe ziko wapi? Marehemu wengi huku hawakuacha ila nyumba ya mawe, na nyumba haimeguki ukapata kipande cha kulipia kodi. Kuiuza nako kuna kizuizi, kwa kuwa hiyo Sheria ya Mirathi haimruhusu msimamizi kuuza ardhi kabla mahakama haijaithibitisha barua iliyompa usimamizi huo. Mwisho wa yote atatoa yule mwenye uwezo, kisha ataambiwa kwamba amefanya wema.

Jibu la mleta hoja:
Ndiyo maana nasema aandikishe mbele ya mashahidi, siku hiyo hiyo anapolipa, kwamba hatoi sadaka bali anaikopesha mirathi. Fedha zake atarudishiwa kwanza, kisha ndipo mafungu yahesabiwe. Risiti pekee haitoshi, kwani huonyesha aliyelipa lakini haielezi alilipa kwa nia gani. (Nimewahi kuona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuandikwa.)

Jibu la mama mmoja wa hapa Malindi:
Nyote mmezungumzia deni la uhai wa mzazi tu. Je, miaka iliyofuata kifo chake? Kaka amekaa ndani, ukumbi wa mbele ameufanya duka, naye anataka kodi ya miaka hiyo nayo ihesabiwe kuwa deni la baba.

Jibu la mleta hoja:
Hapo, bibie, umenishika pazuri. Marehemu hakopi akiwa kaburini. Kodi iliyozaliwa baada ya kifo ni ya wenye nyumba, nao ni warithi wote, na aliyekula pato la duka peke yake aanze kulipa kwa pato hilo. Ama faini ya kuchelewa, ambayo baadhi yetu husita kuilipa kwa kuiona ni riba, njia nyepesi ni kuiandikia serikali ya kaunti, inayotoza kodi hii, mapema kuomba isamehewe, au kungoja tangazo la msamaha, kwa kuwa kaunti kadhaa zimewahi kuifuta kwa wanaolipa deni la asili.

Jibu kutoka Mkomani:
Kwa mwenye duka nakubali. Lakini huku kwetu anayebaki ndani mara nyingi ni dada aliyemuuguza mzazi hadi mwisho, naye hana pato lolote. Huyo sitamdai hata senti, na fungu langu la kodi ya miaka yake nitalilipa mwenyewe.