Naomba ushauri: ripoti ya maendeleo inadaiwa mwezi huu na mtama bado uko shambani

Mtama_Buigiri

Wakuu, habarini za jioni. Shikamooni mlionitangulia.

Niko Dodoma, mtafiti msaidizi kwenye mradi wa miaka miwili unaohusu kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mashamba ya majaribio tumeyapata kwa wakulima wa Chamwino na Kongwa. Mfadhili yuko nje ya nchi, na ripoti ya miezi sita ya kwanza inatakiwa mwisho wa huu Machi. Mtafiti mkuu amenikabidhi rasimu.

Andiko la mradi linahesabu miezi kuanzia Oktoba, na linasema ifikapo Machi tuwe na takwimu za mavuno. Anayeijua Dodoma anajua mvua ya kupandia ni Desemba, na mtama tunavuna Mei na Juni. Juu ya hapo, Februari mvua ilikatika na mashamba kadhaa upande wa Kongwa yakakauka. Fedha nazo tumetumia chini ya nusu ya kilichopangwa.

Mwenzangu ofisini ananishauri niandike "shughuli zinaendelea vizuri", niweke asilimia na picha, maelezo yaje kwenye ripoti ya mwisho. Roho inakataa. Wakulima wale wametoa ardhi yao na nguvu zao, sitaki ripoti iwafute. Ila naogopa tukieleza yote awamu ya pili ya fedha itazuiwa. Wenzangu mnaandikaje ikifika hapa?

Mzee_Makulu

Marahaba mwanangu. Ripoti hizi nimeziandika na nimezisoma kwa miaka mingi. Anayeipokea ana mkataba wenu mezani na anauliza: mlisema mtafanya hivi, mmefanya nini, na kilichobaki mtakifanyaje? "Shughuli 1.2 imetekelezwa kwa asilimia 60" haimjibu, maana hajui ni asilimia 60 ya nini. Andika kwa mfano: "Mashamba 24 yalipangwa. Mashamba 22 yalipandwa kati ya 27 Desemba na 8 Januari, baada ya mvua ya kwanza ya kutosha. Mashamba 7 ya Kongwa yalikauka Februari. Yaliyobaki 15 yatavunwa kuanzia katikati ya Mei." Weka namba zako za kweli. Mtu ambaye hajawahi kufika Kongwa atakuwa ameelewa.

Mavuno usiyaombee radhi. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, na msomaji wa mbali huenda halijui hilo. Mchoree jedwali dogo: miezi ya mradi juu, chini yake kupanda, palizi, kuhesabu kiduha, kuvuna. Ucheleweshaji utajieleza wenyewe.

Na usiandike kwamba huna takwimu. Kiduha huchomoza wiki kadhaa baada ya mtama kuota, kwa hiyo kufikia Machi mmeshakihesabu, au mnakihesabu sasa. Mmelinganisha mbegu zipi? Kama mna Hakika na Wahi, zile zilizoidhinishwa 2002 kwa sababu zinastahimili kiduha, mkazipanda kando ya mbegu ya mkulima mwenyewe, hesabu hiyo peke yake ni matokeo ya awali yanayostahili ukurasa mzima. Hata mashamba yaliyokauka yana habari: yalikauka siku ngapi baada ya kupanda, udongo wa aina gani, mbegu ipi ilishikilia zaidi. Vipima mvua mnavyo?

Ushauri wa mwenzako siukubali. Ripoti ya mwisho itawekwa kando ya hii ya kwanza. Leo ukisema mambo ni mazuri, halafu ukaleta mavuno ya mashamba 15, atakayeitwa kujieleza ni mtafiti mkuu. Sijaona awamu ya pili ikizuiwa kwa ajili ya ukame ulioelezwa vizuri. Nimeona zikizuiwa kwa hesabu zisizolingana.

Mhasibu_Nzuguni

Mzee kanifungulia mlango. Masurufu si matumizi. Fedha mliyochukua kwenda uwandani na hamjairejeshea hesabu, iwekee safu yake. Bakaa nayo igawe: kuna fedha ambayo shughuli yake haijafika wakati, kama kuvuna, kupura na kupima uzito, na kuna fedha iliyokwama, mfano vifaa ambavyo manunuzi yake bado yako NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mfadhili akiona bakaa moja kubwa bila maelezo anadhani mmelala.

Kama mkataba hausemi vingine, badilisha dola kwa kiwango cha siku fedha ilipoingia benki, na uambatishe karatasi ya benki. Mafuta na pembejeo ni risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Vibarua wa palizi hawana EFD, hao ni fomu ya malipo yenye saini au muamala wa simu.

Rasimu yako mpe mhasibu wa mradi aisome kabla haijatoka. Wewe ukisema mashamba 22 na yeye ana posho za mashamba 24, mtaulizwa wote wawili.

Binti_Kondoa

Daftari la mahudhurio lenye majina na simu za wakulima usiliambatishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Wape namba, kama KNG-03 au CHM-11, orodha kamili ibaki ofisini. Na picha za watu ziombewe ruhusa.

Mtama_Buigiri

Asanteni sana, mmenipa nguvu. Vipima mvua tunavyo kila kijiji, na mkulima kiongozi anajaza daftari kila asubuhi. Hakika tumeipanda, Wahi tuliikosa. Swali moja: tunataka kurudia mashamba ya Kongwa msimu ujao. Ombi hilo liingie kwenye ripoti au barua?

Mzee_Makulu

Barua, isainiwe na mtafiti mkuu, itoke siku moja na ripoti. Ndani ya ripoti litaje kwa sentensi moja tu. Likibaki humo peke yake, ripoti inaweza kupokelewa na ombi lisijibiwe, mkafika Novemba hamna idhini ya kununua mbegu. Taja gharama itatoka kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti. Anzia na ile iliyotengwa kuvuna mashamba yaliyokauka. Wahi kukosekana nako kuandike, pamoja na mlikoitafuta. Lile daftari la mvua, piga picha kurasa za Februari, liwe kiambatisho cha kwanza.