Mrejesho: Alijuaje kila ninakokwenda

Wapendwa, niliwauliza aliyekuwa mume wangu anajuaje kila ninakokwenda. Nimepata jibu. Kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ilikuwamo kompyuta yake, kwa hiyo aliweza kusoma jumbe zangu. Na akaunti yangu ya Google ilikuwa bado inamwonyesha nilipo, tangu tulipokuwa pamoja! Mikono ilinitetemeka. Nashukuru mno mlionisihi nisimwondoe papo hapo, maana angeshtuka na kunijia juu. Kwa simu ya dada yangu niliongea na mshauri, nikapiga picha za ile skrini kama ushahidi, nikahama kwanza. Ndipo nikamwondoa na kubadilisha nywila zote, kwa simu mpya. Jana nilikwenda kliniki. Hakupiga kuniuliza nafanya nini huko.