Naomba ushauri: wahusika wangu wa Dungeons & Dragons wote wanafanana

Mrusha_Kete: Wakuu, heshima kwenu. Tunaanza kampeni mpya (hadithi ndefu ya kuigiza wahusika mezani kwa kete), toleo la tano la mchezo, levo ya kwanza. Kila nikishika karatasi ya mhusika anatoka yuleyule: mpiganaji yatima, kijiji kimechomwa, anatafuta kisasi. Mawazo mapya mnayatoa wapi?

Pande20: Mkuu, hadithi iache kwanza, anza na kete. Rusha nne za pande sita, ondoa iliyo ndogo kuliko zote, jumlisha tatu zilizobaki. Rudia mara sita na uandike kwa mpangilio zinavyotoka, kwenye sifa sita za mhusika: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto. Tuseme umepata 9, 13, 14, 11, 16, 7. Busara 16 na Mvuto 7: huyu anaona kila kitu, lakini hakuna anayemsikiliza. Hapo tayari una baharia aliyeonya kuhusu mwamba na nahodha akampuuza. Mfanye kuhani, maana uchawi wa makuhani hutegemea Busara. Ruhusa ni kubadilishana namba mbili, mara moja tu. Bila ruhusa hiyo, anayetaka mchawi anaweza kuangukia Akili 8, na mashambulizi yake ya uchawi yatakosa mno.

Binti_Pate: Tenzi zetu zimejaa wahusika, ila watu hukimbilia shujaa mkuu. Tazama Fumo Liyongo gerezani. Walinzi wanakula chakula kizuri anacholetewa, wanamwachia makombo. Basi anatunga shairi la kumwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate, unamfikia. Kisha ngoma ya gungu inapopamba moto, anakata minyororo na sauti ya tupa haisikiki.

Sasa muache Liyongo, mchukue Saada, kijakazi aliyepeleka ujumbe na kupita na mkate ule mbele ya walinzi. Ana kumbukumbu kali, uso usiomsaliti na mikono myepesi: ujuzi wa Udanganyifu na Wepesi wa Mikono umeshajipata. Kisha badilisha jambo moja, uwe na mhusika wako mwenyewe: tupa iligunduliwa. Nani anamsaka? Mfungwa yuko wapi?

Mzee_wa_Meza: Naafiki kabisa, na hiyo inaponya kosa la kumpa mtu wa levo ya kwanza historia ya kushinda majeshi. Mchawi mwenye Ustahimilivu 14 ana pointi 8 za uhai. Upanga wa goblini, kale kajitu kadogo korofi, unaumiza kwa kete moja ya pande sita, ongeza 2. Ikitua 6, mchawi yuko chini. Historia iishie nusu ukurasa, tukio kubwa libaki mbele.

Ubaya wa yatima wako ni kwamba hana mtu, hivyo mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi, hana pa kumshikia. Andika watu wawili walio hai, kwa majina: mmoja anamdai, mwingine akiomba chochote hawezi kunyimwa. Halafu kabla ya kikao cha kwanza, kubaliana na mchezaji mwenzako jinsi wahusika wenu walivyojuana. Mhusika asiyemjua yeyote mezani hukosa sababu ya kuandamana na kundi, na kikao kizima huishia kwenye kumbembeleza.

Ramani_Kuukuu: Kwa kampeni ndefu, mimi kete za mpangilio siziungi mkono; namba mbaya utaishi nazo miezi. Badala ya kurusha, gawa namba hizi kwenye sifa sita utakavyo: 15, 14, 13, 12, 10, 8, na hiyo 8 iweke mahali itakapoonekana mchezoni kila kikao.

Mrusha_Kete: Asanteni sana. Huyu wa Mvuto 7, inabidi niwe mkorofi mezani?

Pande20: Hapana, mkuu. Namba hiyo inakukata 2 kwenye kete ya kushawishi, basi. Mfanye aseme ukweli wakati usiofaa: mfanyabiashara anakaribia kukubali bei, yeye anataja kwamba mizani imepinda. Wenzako watakuwa na la kufanya, na hakuna atakayekwazika.